Ngomeni: Pwani Iliyoufungulia Ulimwengu Mlango wa Mbingu

MSOMAJI mpendwa, ukifika Malindi na familia yako wakati wa likizo, bila shaka utapelekwa kuuona mnara wa Vasco da Gama. Utaambiwa kwamba mwaka wa 1498 Mreno huyo alipata hapa rubani wa kumwongoza hadi Bara Hindi. Utapiga picha, utawanunulia watoto mabuyu, kisha utarudi ulikofikia ukidhani kwamba umeyaona yote.

Safari hii usiishie hapo. Vuka daraja la mto Sabaki, uende kaskazini kilomita 30 hivi, hadi kijiji cha wavuvi kiitwacho Ngomeni. Kutoka maji ya Ngomeni vilianza safari vyombo vya aina nyingine, visivyo na tanga wala usukani, vilivyokwenda kutafuta vitu ambavyo jicho la binadamu haliwezi kuviona.

Miongoni mwa mambo yaliyogunduliwa na vyombo hivyo ni kisa cha nyota mbili zinazoishi pamoja kama majirani wa ua mmoja. Moja ni ndogo na kali kupita kiasi. Nyingine ni kubwa na haina makeke. Ajabu ni kwamba ile ndogo inapowaka na kuushangaza ulimwengu, chanzo cha mambo yote ni ile kubwa iliyonyamaza.

NJIA YA CHUMVI

Ukitoka Nairobi, panda gari moshi au basi hadi Mombasa. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, ukipitia Kilifi na Gede. Mjini Malindi tafuta gari linaloshika njia ya kwenda Garsen na Lamu.

Mara tu baada ya mji utauvuka Sabaki, ambao huja na udongo mwekundu kutoka bara na kuyageuza maji ya bahari rangi. Endelea mbele hadi Gongoni. Hapo watoto watauliza kama theluji imeanguka Pwani, kwani watayaona marundo meupe kando ya njia. La, hiyo ni chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika mashamba mapana, jua likayakausha, na chumvi ikabaki.

Kutoka Gongoni njia inageukia baharini, mikoko inaanza kuonekana, na mwisho wake ndio Ngomeni.

Keti kidogo ufuoni utazame bahari. Mvuvi yeyote wa hapa atakueleza kwamba maji hayajai wala kupwa ovyo. Mwezi ukiandama, na pia ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya nyakati hizo huwa maji mafu. Bahari haijiamulii yenyewe. Kuna jirani aliye mbali, yaani mwezi, anayeivuta huku akizunguka. Likumbuke jambo hili, kwani tutalirudia.

Sasa inua macho utazame mbele zaidi, ndani ya ghuba ya Ungwana. Utaona majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini kwa miguu mirefu. Moja huitwa San Marco na jingine Santa Rita. Huko ndiko roketi zilikorushwa.

Kambi iliyoko nchi kavu ina uzio na walinzi, kwa hivyo usifike mlangoni na kudai kuingia. Anayetaka kuizuru huomba ruhusa mapema. Hata hivyo, bahari haina uzio, na majukwaa hayo huyaoni kwa kulipa kiingilio.

KWA NINI HAPA?

Mwanzilishi wa mradi huo alikuwa Luigi Broglio, mhandisi na jenerali wa jeshi la anga la Italia, aliyekuwa pia profesa katika chuo kikuu cha Roma. Katika miaka ya sitini alitafuta mahali karibu na ikweta penye bahari wazi upande wa mashariki, na akapapata katika pwani yetu.

Sababu ya kutaka ikweta ni rahisi. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ardhi huenda kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea upande huo hupata msukumo wa bure, kama abiria anayeruka kutoka kwenye gari lililo mwendoni. Na ikianguka, inaanguka baharini, si juu ya mapaa ya watu.

Setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka Ngomeni ilikuwa San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967. Ya mwisho iliondoka Machi 1988. Kwa jumla zilikuwa tisa. Zote zilifanya kazi, lakini moja ndiyo iliyobeba jina letu.

SETILAITI YENYE JINA LA KISWAHILI

Tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba tangu kujinyakulia uhuru, roketi aina ya Scout ilipaa kutoka jukwaa la San Marco. Ilikuwa imebeba setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 na kitu. Mhandisi Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo, aliamua kuipa jina linalolingana na siku na mahali. Akaiita Uhuru.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu: kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Naam, ni eksirei zile zile unazozijua za hospitalini, zinazopenya nyama na kuonyesha mfupa uliovunjika. Eksirei ni mwanga, ila ni mwanga wenye nguvu nyingi mno ambao macho yetu hayauoni.

Kwa bahati njema angahewa yetu huzizuia eksirei za mbinguni zisitufikie. Kama si hivyo, tungedhurika. Lakini kinga hiyo ni kama pazia zito. Anayetaka kuziona hana budi kupanda juu ya angahewa. Kabla ya 1970 wanasayansi walituma roketi ndogo zilizochungulia kwa dakika chache tu kisha zikaanguka. Hivyo ndivyo Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia aliyefanya kazi Marekani, alivyogundua pamoja na wenzake mwaka wa 1962 kwamba nje ya jua letu kuna vitu vinavyotoa eksirei.

Uhuru haikuchungulia. Ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Machi 1973, ikijizungusha taratibu na kuyapekua mbingu yote. Iliacha orodha ya vitu 339 vinavyotoa eksirei. Giacconi, aliyeliongoza kundi hilo la watafiti, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2002.

NYOTA INAYOPOTEA NA KURUDI

Katika vitu hivyo kimoja kiliwakosesha watafiti usingizi. Kiko upande wa Msalaba wa Kusini, na jina lake ni Cen X-3. Mwaka wa 1971 Uhuru ilikiona kikimwekamweka kila baada ya sekunde 4.8 bila kukosea, kama kurunzi ya mtu anayezunguka gizani. Kisha baada ya kila siku mbili na saa chache, eksirei zake zilikatika ghafla. Baada ya muda zikarudi.

Jibu lilikuja kwa kufikiri tu, hata kabla ya mtu kukiona kitu chenyewe kwa darubini. Kitu kinachomwekamweka kwa mwendo huo lazima kiwe kidogo na kizito sana. Na kikipotea kila baada ya siku mbili, lazima kuna kitu kingine kikubwa kinachopita mbele yake na kukificha, kama mwezi unavyolificha jua wakati wa kupatwa.

Kwa hivyo zilikuwa nyota mbili. Ile ndogo huitwa nyota ya nyutroni, na kwa kuwa inamwekamweka huitwa pia pulsa. Ile kubwa ni mwenzi wake.

Nyota ya nyutroni ni kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kufa kwa mlipuko. Uzito wake hupita ule wa jua letu, lakini upana wake ni kilomita 25 hivi. Ukiiweka katikati ya Malindi na Ngomeni ingetosha na nafasi ikabaki. Kijiko kimoja cha chai cha vitu vyake kina uzito wa zaidi ya tani bilioni moja.

Sasa fikiria nguvu yake ya kuvuta. Dafu likianguka kutoka mnazini linaweza kumuumiza mtu, kwa sababu limevutwa likapata kasi. Kwenye nyota ya nyutroni, kitu kilichoachiliwa kutoka kimo cha mita moja tu, yaani kiunoni mwa mtu, kingegonga chini kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,000 kila sekunde.

Je, kitu kinachoanguka kutoka nyota jirani kingefikaje? Hewa ya hidrojeni inayotoka kwa mwenzi huipiga nyota hiyo kwa kasi inayokaribia nusu ya kasi ya mwanga. Hupata joto la mamilioni ya digrii, na kitu chenye joto la kiwango hicho hakitoi mwanga mwekundu kama kaa la moto. Hutoa eksirei. Nguvu inayopatikana kwa kuanguka huko inazidi mara kumi ile ambayo hidrojeni hiyo hiyo ingetoa kama ingechomwa ndani ya jua.

Hilo ndilo somo la kwanza lililotoka Ngomeni. Nyota ya nyutroni iliyo peke yake haina chakula cha kuiwasha hivyo. Eksirei hizi zinatokana na mali ya mwenzi.

MWENZI ANAYETUPA MALI YAKE

Lakini katika Cen X-3 chakula hakikatiki. Nyota hizo mbili zimekaribiana mno, na mwenzi humwaga hewa yake karibu wakati wote. Je, kuna pulsa zinazokaa kimya kwa miezi au miaka, halafu zikawaka ghafla? Ni nini kinachozichokoza?

Jibu la swali hilo pia lilipitia Ngomeni. Tarehe 15 Oktoba 1974 setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, ilirushwa kutoka jukwaa lile lile. Mwezi wa Aprili 1975 iliona mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutajika pakiwaka eksirei kwa nguvu, hadi kuishinda nebula mashuhuri ya Kaa iliyo karibu na hapo angani. Kitu hicho kilipewa jina la A 0535+26. Herufi A ni ya Ariel, na tarakimu zinaonyesha mahali pake mbinguni. Kiko umbali wa takriban miaka 6,000 ya mwanga.

Pulsa yake hujizungusha polepole, mara moja kwa sekunde 104. Lakini ukitaka kuelewa kisa chake, mwache huyo kwanza umtazame mwenzi wake.

Mwenzi huyo ni nyota kubwa ya rangi ya samawati, nzito mara nyingi kuliko jua, inayojizungusha kwa kasi ya ajabu. Jua letu hujizungusha kwa kilomita mbili hivi kila sekunde kwenye kiuno chake. Nyota za aina hii huenda mamia ya kilomita kila sekunde. Chukua mwavuli uliolowa maji ya mvua, uufungue, kisha uuzungushe kwa nguvu. Matone yatatoka pembeni na kuruka pande zote. Nyota hii hufanya hivyo kwa hewa yake. Hewa inayotoka haipotei mara moja, bali huizunguka nyota kiunoni kama sahani pana na nyembamba.

Nyota za namna hiyo zilianza kujulikana mwaka wa 1866, pale padre Angelo Secchi wa Roma alipoupima mwanga wa nyota moja na kuona ndani yake alama ya hidrojeni inayong'aa. Alama hiyo ndiyo sahani yenyewe. Sahani ikikua, mng'ao wa alama hiyo unazidi. Ikiisha, unatoweka.

Sasa mlete yule mdogo. Pulsa ya A 0535+26 humzunguka mwenzi wake kwa siku 111, lakini njia yake si duara. Imerefuka kama yai. Ikiwa mbali, umbali huo ni karibu mara tatu ya ule wa pale inapokuwa karibu. Muda mrefu iko mbali, na huko haina cha kula. Siku chache tu katika kila mzunguko inapita karibu na ukingo wa sahani.

Ikipita na kuikuta sahani imetanuka, hunyakua hewa iliyo ukingoni. Nguvu ya sumaku ya pulsa, ambayo inazidi ile ya dunia yetu zaidi ya mara trilioni moja, huikamata hewa hiyo na kuielekeza kwenye ncha zake mbili, kama mfereji unavyoyaelekeza maji shambani. Hapo ncha zinawaka, pulsa inaendelea kuzunguka, na sisi huku tunaona kurunzi ikimwekamweka. Baada ya siku kadhaa pulsa inaondoka, chakula kinapungua, na giza linarudi. Siku 111 baadaye mchezo unaweza kuanza tena.

Nimesema "unaweza" kwa sababu ukaribu peke yake hautoshi. Ikiwa sahani imenywea, pulsa itapita pale pale, siku ile ile, na isipate kitu. Mwaka wa 1998 watafiti waliiona sahani ya nyota hii ikitoweka. Baada ya mwako mkubwa wa 1994, hapakuwa na mwingine wa ukubwa huo hadi mwaka wa 2005. Pulsa haikuwa imebadilika kitu katika miaka yote hiyo. Aliyekuwa amebadilika ni mwenzi.

Na kinyume chake pia ni kweli. Mara nyingine sahani hukua kupita kiasi, au hupinda, na pulsa huvuna hewa nyingi mno. Hapo huja mwako mkubwa unaodumu kwa majuma, ambao hausubiri zile siku za ukaribu. Mwako wa Novemba 2020 ulipita yote iliyowahi kupimwa kutoka A 0535+26. Uliishinda nebula ya Kaa zaidi ya mara kumi.

Usidhani kwamba pulsa ni mnyonge anayesubiri kulishwa tu. Kila inapopita karibu huivuta sahani na kuukata ukingo wake usitanuke zaidi. Ndiyo maana nilikuomba uutazame mwezi na bahari pale ufuoni. Hizi mbili huvutana vivyo hivyo, ila badala ya maji kupanda ufuoni, hewa huvuka kutoka nyota hadi nyota.

SAUTI ILIYORUDI PWANI

Labda utauliza: roketi ya mwisho iliondoka 1988, basi Ngomeni ina kazi gani? Majukwaa yalinyamaza, lakini antena za nchi kavu ziliendelea kusikiliza. Setilaiti ya Marekani iitwayo Swift, iliyorushwa mwaka wa 2004 kutazama milipuko ya mbinguni, ilizitegemea antena za Malindi kuteremsha habari zake. Katika mwako wa 2020 Swift ilikuwa miongoni mwa setilaiti zilizoifuatilia A 0535+26 siku baada ya siku.

Hebu litafakari hilo. Nyota iliyogunduliwa na setilaiti iliyoondoka hapa mwaka wa 1974, miaka 46 baadaye ilipovunja rekodi yake, habari zake zilishukia ufuo huo huo, karibu na marundo ya chumvi na ngalawa za wavuvi. Ni wanafunzi wangapi wa Kenya waliojua?

Hapa ndipo penye uchungu, msomaji. Mwaka wa 2018 setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na chuo cha Roma, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Mwaka wa 2023 setilaiti yetu ya Taifa-1 ilirushwa kutoka California, Marekani. Tulisafirisha mzigo wetu hadi ng'ambo ya bahari mbili, ilhali wageni walikuwa wamesafirisha yao kuja kwetu kwa sababu ya mahali tulipokaa.

Ukifikiria, katika elimu ya eksirei Kenya imekuwa ule mwenzi aliyenyamaza. Ilitoa bahari, ikweta, mikono ya wafanyakazi na hata jina. Mwako ukaonekana kwingine, na sifa zikaenda huko. Simlaumu aliyekuja na roketi, kwani kazi yake imewafaa watu wote. Lakini mtoto wa Ngomeni anayevua kamba chini ya kivuli cha jukwaa lile ana haki ya kufundishwa shuleni yaliyotokea pale, tena kwa lugha anayoielewa. Na yule wa Buruburu au Kisumu pia. Elimu ya nyota haihitaji kwanza darubini ya mamilioni. Inahitaji mtu aambiwe kwamba jambo hilo ni lake.

UTAZAME WAPI?

Kwa hivyo mpe mwanao kazi ya likizo. Usiku wa Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12 Disemba, mtoke nje mahali pasipo na taa nyingi. Kama mko Ngomeni au kijijini, heri yenu.

Mwendo wa saa tatu usiku, tazameni kusini. Nyota moja inayong'aa peke yake, si chini sana wala si juu sana, ni Achernar. Jina hilo limetokana na Kiarabu na maana yake ni mwisho wa mto. Ni nyota ya aina ile ile ya mwenzi tuliyemzungumzia. Inajizungusha kwa kasi hadi ikatanuka kiunoni na kubonyea juu na chini, kama chungwa lililokaliwa.

Kisha geukeni mashariki, upande wa kaskazini kidogo. Tafuteni kilimia, kile kichala cha nyota ndogo ambacho wazee wetu walikitumia kujua majira ya kulima. Chini yake kuna nyota nyekundu, Aldebaran, jicho la ng'ombe wa buruji ya Thauri. Endeleeni kushuka hadi muone nyota mbili zilizoachana, ambazo ni ncha za pembe zake. Ile iliyo upande wa kusini huitwa Zeta Tauri, nayo pia ina sahani ya hewa kiunoni. Mnamwona jamaa wa mwenzi kwa macho yenu matupu.

A 0535+26 iko katikati ya pembe hizo mbili. Hamtaiona. Mwenzi ni hafifu mno bila darubini, na eksirei za pulsa huzuiwa na hewa iliyo juu ya vichwa vyenu. Kaeni hivyo hivyo mpaka baada ya saa sita usiku, pembe zikiwa zimepanda juu upande wa kaskazini, mkimweleza mtoto kinachoendelea mahali hapo palipo patupu: nyota ndogo ikirudi kwa mwenzi wake baada ya siku 111, isijue kama safari hii itakuta chochote.

Akikuuliza watu walijuaje kitu kisichoonekana, mwambie walipanda juu ya hewa kwenda kutazama. Akikuuliza walipandia wapi, mwambie ni Ngomeni, mbele kidogo ya Malindi, na kwamba kesho yake mnaweza kwenda.